Tumbo la Wastani

Zamani wanyama walipokuwa wakisema, na baadhi yao wakisema uongo, mvua iligoma hata nyasi zikawa vumbi. Digidigi alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalikuwa yamemkauka. Akaenda kwa Simba kuomba ghala la akiba lifunguliwe.

"Ghala halifunguliwi ovyo," akanguruma Simba, ambaye hakupenda kuambiwa kwamba nchi yake ina dhiki. "Kwanza nijue kama kweli kuna njaa. Fisi, pima!"

Lo! Kati ya wanyama wote hao, Fisi! Ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala, na tangu aushike, yeye na shemeji zake walikuwa wakitembea wakihema kwa shibe.

Fisi akaleta kamba. Kumpima kila mnyama peke yake? Thubutu! Aliwapanga wote, mfalme mbele, shemeji zake katikati, akaizungusha kamba tumbo hadi tumbo, na lake mwenyewe, bila kuikata. Alipofika mwisho akaikata vipande sawasawa, kila mnyama kipande chake.

"Hili ndilo tumbo la wastani," akasema, akiinua kipande kimoja juu. "Nene, la kupendeza. Njaa hakuna."

Digidigi akajivisha chake. Kikamporomoka hadi kwenye kwato.

"Bwana Fisi, kinanipwaya."

"Kamba haina kosa, mama. Mwili wako ndio mkaidi."

Shemeji wakaangua kicheko. Digidigi alimsikia mwanawe akilia kichakani, akatamani kumng'ata Fisi, basi tu hakuwa na meno ya kazi hiyo.

Hapo Sungura, ambaye hakosi la kusema, akapiga goti mbele ya Simba. "Hongera, mfalme! Kumbe wewe na Digidigi mna tumbo moja!"

"Unasemaje?"

"Vipande ni sawa. Fisi ndiye kapima, si mimi."

Manyoya yakamsimama Simba. "Mimi nilingane na kidude hiki? Nivalisheni changu!"

Wakamvalisha. Kikampwaya mfalme naye, mbavu nje, maana njaa alikuwa nayo siku nyingi ila kiburi kilimziba mdomo. Aibu yake ikageuka hasira.

"Mvalisheni na Fisi!"

Wakavuta huku, wakavuta kule, ncha hazikukutana. Fisi akabanwa, akabeua, na harufu ya nyama kavu ya ghalani ikawafikia wote.

Ghala lilipofunguliwa lilikuwa tupu. Akiba iliyobaki, nyama na nafaka, ilikutwa pangoni kwa Fisi, nayo ikagawiwa hapo hapo. Digidigi alikula huku machozi yakimtoka, na jioni mwanawe akanyonya, akanyamaza.

Fisi akajikokota hadi penye chakula. "Jamani, na fungu langu?"

Digidigi alikuwa bado na kile kipande cha kamba. Akamtupia miguuni.

"Tumekupima pamoja nasi, bwana Fisi. Umeshiba."