Sikudhani na Jani Lililosikia Karibu

Sogeeni, wajukuu zangu. Kabla sijaanza hadithi nataka kukiri kosa langu, maana mzee akificha makosa yake, watoto hudhani hakuwa nayo.

Mwaka mmoja nilinuniana na wifi yangu Mize. Siku moja akaja mlangoni kwangu: "Hodi! Hodi! Hodi!" Mimi nilikuwa juu ya mswala. Sala nilikuwa nimeshaimaliza, nimeshatoa salamu kulia na kushoto. Lakini nikavuta tasbihi, nikaivuta, nikaivuta, huku namsikiliza, mpaka kandambili zake zikaondoka. Nilimfanya Mwenyezi Mungu kuwa komeo la mlango wangu. Astaghfirullah. Shule niliishia darasa la tatu, ila kosa lile halikuhitaji shule kulijua.

Haya.

Paukwa!

Pakawa!

Maji yalikuwapo?

Yalikuwapo!

Na nchi kavu?

Haikuwapo, hata ya kusimama kuku!

Hapo kale, mbali kuupita mwezi, Mungu aliumba dunia nyingine ya maji matupu. Hakuna kisiwa, hakuna mwamba, hakuna fungu la mchanga. Ndege wa huko hawana pa kutua. Jike hutaga mgongoni mwa dume, na dume huruka na mayai mpaka yaanguliwe. Samaki hula mashina ya mimea kama mbuzi, kundi zima, na mkubwa wao mbele.

"Bibi, maji ya chumvi?"

Ya chumvi, Raya. Ya kunywa ni ya mvua. Usinikatize.

Na watu je? Watu waliishi juu ya mayungiyungi. Si haya yetu ya bwawani! Jani moja lilitosha nyumba, ua na bustani. Ukingo wake ulisimama kama ukuta, mrefu kuliko watu wawili waliobebana, na kwa nje unateleza kama bamia. Njia ya kuingia ilikuwa moja tu. Aliye nje abishe hodi, na mwenyeji aseme "Karibu." Jani likisikia "Karibu," hulaza ukingo, mgeni akapita, kisha hujikunja tena.

Jani haliulizi nani. Linasikia neno tu.

Basi, chini ya maji yale lilikaa zimwi, jina lake Domosaba. Midomo sita ya kula, na wa saba wa kuiga sauti za watu. Likija, maji hupata joto. Nanyi mnajua desturi yetu, mtu akisikia hodi, "karibu" humtoka kabla hajafikiri, hata akiwa na tonge mdomoni. Siku moja Domosaba likabisha kwa sauti ya mjomba wa watu. "Karibu!" Likala jumba zima. Siku ya pili likabisha kwa sauti ya mkunga. "Karibu!" Likala mzazi na kichanga chake. Siku ya tatu likaenda kwa Bi Somoe, mwanamke mkali kama pilipili kichaa.

"Hodi!"

"Hodi gani saa ya kula?" akafoka Bi Somoe. "Kila siku watu na saa ya kula! Sema nisamehe kwanza."

"Nisa..." likasema zimwi. "Nisa... nisa..." Likakohoa, likatoa mapovu, likazama na aibu yake.

Zimwi lile liliweza kila neno, ila "nisamehe" lililishinda, kwa kuwa tangu kuumbwa halikujuta hata mara moja. Basi watu wakapatana: hakaribishwi mtu mpaka aseme nisamehe. Wakaishi kwa amani.

Sasa, palikuwa na ndugu wawili, Sikudhani na mdogo wake Zuwena. Wazazi wao walikuwa wamekufa, hawakuwa na mwingine. Siku moja Sikudhani alianika mbegu za chakula, akamwachia Zuwena aziangalie. Zuwena akasinzia. Mvua ikazinyeshea zote.

"Wewe ulizaliwa ili tuhesabike wawili tu!" akasema Sikudhani. "Kazi nyingine huna."

Zuwena akainuka. Akachukua pakacha, akapanda ukingo kwa ndani, ambako hakutelezi, akajitupa majini kwenda kuchuma mbegu nyingine.

Jua lilipokaribia maji, Sikudhani akasikia sauti nje.

"Hodi, dada!"

"Nani?"

"Mimi, Zuwena. Nimechoka, pakacha zito, na maji yanapata joto."

"Sema neno."

"Neno nitawaambia wageni. Wewe ndiye uliyenitukana!"

Sikilizeni vizuri hapa. Domosaba huiga sauti, lakini haliwezi kuteta habari za matusi ya asubuhi. Sikudhani alijua. Alijua ni mdogo wake kama mtu anavyoujua mkono wake. "Karibu" ilikuwa imeshamfika ulimini. Akaimeza. Akasema moyoni, leo nitamfunza adabu.

"Hodi, dada! Maji yana joto!"

"Sheria ni sheria. Sema neno."

"Lo! Tangu lini ndugu akadaiwa sheria? Fungua, tutagombana humo ndani!"

Sikudhani nusura acheke. Akajizuia.

Mara ya tatu sauti ilikuja ndogo. "Hodi, dada. Nisamehe."

Neno lenyewe ndilo hilo. Angeitika palepale, tusingekuwa na hadithi. Lakini lilimwingia tamu, akataka kulisikia tena.

"Sikusikia," akasema. "Sema kwa nguvu."

Kimya.

"Zuwena?"

Kimya.

"Zuwena, nimesikia! Nilisikia tangu mwanzo!"

Kimya.

"Karibu!" akapiga ukelele. "Karibu! Karibu!" Jani likalaza ukingo wake. Nje palielea pakacha, limejaa mbegu pomoni, na nyuma ya pakacha macho ya Domosaba. Lingemla na yeye, lakini lilikuwa limeshiba. Likafungua mdomo wa saba, likasema kwa sauti ya Zuwena:

"Ahsante, mwenye nyumba. Leo sikubisha hodi."

Likazama.

Sikudhani akakaa ukingoni akiyaambia maji nisamehe. Akashinda akiita karibu, karibu, karibu, leo na kesho na keshokutwa, mpaka jani likachoka kuinuka. Ukingo ukalala moja kwa moja, maji yakaingia ndani. Akaogelea hadi kwa Bi Somoe, analia.

"Hodi..."

"Karibu," akasema Bi Somoe.

"Lakini sijasema neno, Bi Somoe."

"Kilio hicho zimwi halina. Pita, mwanangu, utapata baridi."

Akapita. Akaishi humo miaka mingi, na kila alipopakua chakula alipakua sahani mbili, akaila moja.

Hadithi yangu imeishia hapo, na yaliyobaki ni maji. Funzo lake ni hili: msamaha haungojwi mpaka uombwe kwa sauti unayoitaka wewe.

Nami nina ombi kwenu. Wapo hapa walionuniana, nimeona mlivyokaa mkipeana migongo. Leo, kabla ya sala ya Isha, mwendeeni mwenzenu. Msingoje aanze yeye. Tafadhalini, wajukuu zangu.