Jiwe Lililomtaka Mtoto wa Pimbi

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Fisi alikuwa bado anaalikwa harusini na watu wanamsogezea sinia, palikuwa na bonde lenye jiwe kubwa. Juu ya jiwe kulikuwa na tundu. Upepo ukivuma, jiwe linanguruma: vuuuuu!

Wanyama waliamini hiyo ni sauti ya Mungu. Na aliyejua kuifasiri alikuwa mmoja tu, Fisi. Wakamwita Bwana Mfasiri. Basi anatembea kwa maringo, tumbo mbele! Mimi si mtu wa umbea, mnanijua, lakini tumbo lile wakati wa ukame lilikuwa na maneno.

Mwaka uliotangulia, mvua ilipokawia, Fisi alitega sikio akasema jiwe linamtaka mtoto wa Swala. Swala akamtoa, huku analia, huku anaitikia "Na iwe" pamoja na wenzake. Mtoto akaachwa kwenye jiwe. Kila mtu akarudi kwake akafunga mlango, maana kutazama ni mwiko. Kulipokucha, mtoto hayupo. Baada ya siku kadhaa mvua ikanyesha.

"Mmeona?" akasema Fisi. Wote wakasema wameona.

Mwaka huu ukame tena. Vuuuuu! Fisi akatega sikio.

"Linamtaka Tunu, mtoto wa Pimbi. Kesho jioni."

Pimbi alikuwa jikoni anasonga ugali. Alipoletewa habari, mwiko ulimponyoka. Mnamjua Pimbi, mnyama mwenyewe mdogo kama sungura, hana pembe wala mkia.

"Mama," Tunu akauliza, "jiwe linanitaka mimi? Linanijuaje?"

Pimbi akampakata. Ugali ukaungua.

Sasa, katika bonde lile mwenye kubisha jambo la dini huitisha mdahalo uwanjani kwa Mzee Tembo. Na mshindi ni yule anayeshangiliwa kwa sauti kubwa zaidi. Hoja ilipimwa kwa kelele! Na Fisi alikuwa na ukoo mzima wa Kanga, aliowalisha kumbikumbi ili wamshangilie.

Pimbi akaitisha mdahalo. Asubuhi akapanda jiweni, akalijaza lile tundu nyasi, akashindilia. Upepo ukaja. Jiwe kimya. "Afadhali," akasema, "leo wataona wenyewe."

Uwanja ukajaa. Tunu ameng'ang'ania mguu wa mama yake.

"Bwana Mfasiri," Pimbi akaanza, "upepo unavuma, mbona leo jiwe halingurumi?"

"Limekasirika. Linamtaka Tunu."

"Likinguruma linamtaka Tunu, likinyamaza linamtaka Tunu?"

"Ndiyo."

"Na likipiga chafya?"

"Linamtaka Tunu haraka!"

Kwekwekwe! Kwekwekwe! Kanga wakashangilia mpaka vumbi likatimka. "Kamshinda! Kamshinda!"

"Lakini mwaka wa juzi mlitoa mtoto wa Mbuzi na mvua haikunyesha!" akasema Pimbi.

"Alitolewa kwa moyo mzito. Mvua ikinyesha, nilifasiri sawa. Isiponyesha, mlitoa vibaya."

"Kweli kabisa!" akanguruma Nyati, ambaye shingo yake ni nene kuliko fikra zake. "Wewe Mama Tunu, unabishana na Mungu?"

"Sibishani na Mungu, kaka Nyati. Nabishana na Fisi."

"Haya!" Fisi akadakia. "Anayenibishia ana hatia! Asiye na hatia angebisha nini?"

Kwekwekwe! Mzee Tembo akainua mkonga atoe hukumu. Jua limeanza kushuka. Pimbi akahisi kucha za mwanawe zinamchoma mguuni. Ukweli haukumsaidia kitu. Akavuta pumzi.

"Jamani, nisameheni," akasema. "Bwana Mfasiri ameshinda. Nimeamini. Basi niseme la kweli: mimi pia nimelisikia jiwe, leo asubuhi."

"Linasemaje?" akauliza Tembo.

"Halimtaki Tunu. Linamtaka mnono, mwenye madoa, anayecheka ovyo."

Macho yote yakamgeukia Fisi.

"Uongo!" Fisi akaruka. "Umejuaje?"

"Nimesikia, kama unavyosikia wewe."

"Nabisha!"

"Kabisha!" akapiga kelele Nyati. "Mwenyewe alisema anayebisha ana hatia!"

"Hapana, sibishi! Nanyamaza!"

"Kanyamaza! Jiwe nalo limenyamaza! Wameelewana!" akadakia Nyati tena.

Wallahi, wale wakubwa walivyo wepesi! Mkonga wa Tembo ukamzoa Fisi kiunoni, hoo! Nyati akatangulia kufungua njia mpaka jiweni. Na Kanga, je? Wakashangilia vilevile, kwekwekwe, maana wao kazi yao kushangilia.

"Jamani, nishusheni!" Fisi akalia. "Jiwe halisemi! Ni upepo tu!"

"Na watoto wetu?" akauliza Mbuzi.

"Niliwala mimi! Niliwala mimi!"

Mkonga ukalegea wenyewe. Fisi akaanguka puu, akatimua mbio, na tangu siku ile hajaalikwa popote.

Pimbi akapanda jiweni mbele ya wote, akazing'oa zile nyasi. Vuuuuu!

"Mmeona? Ni tundu na upepo. Hata mimi sikusikia kitu, nilisema uongo ili nimwokoe mwanangu."

Mnafikiri walielewa? Nyati akapiga magoti!

"Muujiza! Amelinyamazisha, amelisemesha! Mfasiri wetu ni Pimbi! Mama, jiwe linataka nini?"

Kwekwekwe! Pimbi akamkumbatia Tunu, hofu imemrudia upya, kubwa kuliko ya kwanza.

Ndipo akajitokeza Swala. Mdahalo mzima hakuwa amefungua mdomo. Akasimama mbele ya Nyati, akamuuliza taratibu:

"Umejuaje kwamba jiwe linataka kitu?"

Nyati akafungua mdomo. Akaufunga.

"Mwaka jana sikuuliza," akasema Swala.

Hata Kanga walinyamaza.

Basi wajukuu zangu, hadithi yangu inaishia hapa: anayekuambia Mungu amesema, muulize amejuaje, maana Mungu haogopi swali, mwongo ndiye anayeliogopa.