Karanga Chini ya Kitambaa

Alikuwapo mama mmoja, mpika kashata za karanga. Msigeuke kutazamana, simsemi mtu wa hapa. Kashata zake, ndugu zangu, zilikuwa na jina. Ukiuma zinalia, kisha zinayeyuka zenyewe mdomoni. Hakuna harusi wala maulidi mtaani kwao yaliyopita bila sinia lake.

Mwanawe akaoa. Mkamwana akaja, akamwambia, "Mama, nifundishe na mimi."

"Njoo, mwanangu. Mimi sina uchoyo."

Akamfundisha. Karanga unazikaanga, unazimenya, unazipepeta. Sukari unaitia kavu kwenye sufuria, moto mdogo, unakoroga kwa mwiko mpaka iyeyuke iwe rangi ya asali. Unatia iliki, unamimina karanga, unageuza upesi, unamwaga juu ya sinia lililopakwa mafuta, unakata zingali moto. Basi.

Basi? Kilibaki kitu kimoja. Karanga lazima ziwe za moto. Zikiingia za baridi, sukari inashtuka, inaganda palepale mwikoni, unabaki na jiwe. Mama alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini kila wakifika hapo alisema, "Hebu kimbia kwa jirani, kaniletee sinia." Mkamwana akitoka tu, yeye huku anazipasha karanga, anazifunika kwa kitambaa. Mkamwana akirudi, kazi imekwisha.

Kwa nini? Mwanawe asije akausifu mkono wa mwingine. Ni hilo tu! Mtu mzima, moyo wake wote umekaa juu ya kipande cha kashata.

Miezi mitano mkamwana akapika mawe. Mumewe akamtania, "Leo tena kokoto? Nipe nyundo basi." Na mama, kwa uso mkavu kabisa, akampoza: "Usivunjike moyo. Kashata ni mkono, mwanangu. Wengine hawakujaaliwa."

Ikaja posa ya binti yake mama huyu. Wanawake wa upande wa bwana wakatuma salamu kwamba wanakuja kula hizo kashata wanazozisikia. Siku tatu kabla, mama akateleza uani, kifundo cha mkono kikavimba kama andazi. Mwiko haushikiki. Nani wa kupika? Mkamwana.

Mnaiona hali ya mama? Wageni wako kwenye mkeka uani, hatua tano kutoka jikoni, kahawa inamiminwa. Yeye amekaa mlangoni, mkono umening'inizwa shingoni kwa khanga. Sukari inayeyuka. Beseni la karanga liko sakafuni, mbali na moto, limefunikwa. Za baridi hizo! Akinyamaza, jiwe litapelekwa mbele ya wakwe na jina lake limekwenda. Akisema, wakwe watajua yeye ni mtu wa namna gani. Amwite pembeni amnong'oneze? Sukari haimngoji mtu atafute maneno mazuri. Imeshafika rangi ya asali. Inaanza kutoa moshi.

"Simama!" mama akapiga kelele. "Usitie! Zipashe kwanza hizo karanga! Nilikuficha, mwanangu. Siku zote hizi nimekuficha!"

Wageni uani wakageuka kutazama mlangoni.

Mkamwana hakusimama. Alifunua kitambaa, mvuke ukampanda usoni. "Zina moto, mama." Akamimina, akageuza, akamwaga, akashika kisu. Kisu kikapita bila kukwama.

"Ulijua?"

"Tangu mwezi ule wa kwanza ulioanza kunifundisha. Sinia lilikuwa ukutani nyuma yako, nawe unanituma kwa jirani. Nikachungulia dirishani."

"Na yale mawe?"

"Ulitaka nisiweze, mama. Nikaona basi nisiweze."

Bibi mmoja kwenye mkeka akaita, "Leteni kashata jamani, zisije zikapoa! Hayo mengine tutayatafuna tukifika kwetu."

Mama akakosa pa kuuweka uso wake.

Naona wengine mnatikisa vichwa: ama mkamwana huyo ana adabu! Tulieni. Adabu gani ya kumlisha mume kokoto miezi mitano? Mmoja anaficha, mwenzake anaficha kwamba amekwisha kuona, na huku wanaitana mama na mwanangu. Nyumba moja, wajuzi wawili, na hakuna mwenye kashata ya kutafuna siku mama hana nafasi ya kupika! Siku ya kwanza ukweli ule ulikuwa sentensi moja, ya kusemwa taratibu jikoni, watu wawili tu. Mama alipouchelewesha, ukamtoka kwa kelele mbele ya wakwe.

Na sisi je? Fundi anamfundisha mwenzake kazi yote, wakifika kwenye kipimo anamtuma maji. Tunaijua fomu inavyojazwa, jirani akituuliza tunamwambia aende tu, huko ataelekezwa. Halafu tunamcheka akikwama, tunasema wengine hawakujaaliwa. Haya, Mwenyezi Mungu alipokupa wewe hicho unachokijua, alikutuma sinia kwanza ili usione?

Kila mmoja wetu ana mtu aliyemtuma sinia. Mpaka sasa hivi yuko kwa jirani, analitafuta. Tukitoka hapa, tukamwite arudi.