Kodi Mbili za Siwema

Palikuwa na sultani katika kisiwa cha Mtangani, Sultani Nabahani, aliyependa wageni kama kupe apendavyo ng'ombe. Kila msimu wa karafuu alituma watu ng'ambo kuita wachumaji: "Njooni, kisiwa ni chenu!" Wakaja. Wakakwea mikarafuu, wakachubuka vidole. Siku ya ujira, karani akakata kabla mkono wa mtu haujagusa kitu. Robo, kodi ya mgeni, kwa kuwa mtu si wa hapa. Robo nyingine, kodi ya mwenyeji, kwa kuwa mtu analala hapa.

Miongoni mwao alikuwemo Siwema binti Kombo, mjane mwenye ulimi wa kuchanja kuni. Kwao ng'ambo, shamba la marehemu baba yake lilikuwa rehani, naye alikuja kuchuma ili alikomboe. Alipotiwa mkononi nusu ya jasho lake, akaipiga hesabu. Kwa nusu hii, shamba ndiyo limekwenda. Hakulia. Alijifunga kanga kiunoni, akashika njia ya kwa sultani, na wachumaji wenzake nyuma.

Akamkuta barazani, chakula kimeandaliwa. Hodi hakupiga. Akanawa, akaketi, akavuta sinia la pilau.

Tonge la sultani likakwama njiani. "Ewe mwanamke! Nani kakukaribisha?"

"Hakuna, Maulana. Kwani mwenyeji hukaribishwa kwake?"

"Mwenyeji? Wewe si mchumaji wa ng'ambo?"

"Ndiye. Ahsante kunikumbusha." Akanyofoa paja la kuku. "Basi mbona mgeni hakutengewa mnofu?"

Wazee wa baraza wakainamia sahani zao, mabega yakitikisika. Kadhi akajifanya amepaliwa.

"Na kulala, Maulana, nilale wapi? Mgeni hupewa kitanda kizuri. Lakini hata, usijisumbue. Mwenyeji anakijua mwenyewe chumba chenye upepo."

"Huwezi kuwa yote mawili!" sultani akafoka.

"Ndivyo nilivyomwambia karani wako. Akasema amri imetoka kwako."

Sultani hakuwa mjinga. Akisema huyu ni mgeni, atarudisha kodi ya mwenyeji. Akisema ni mwenyeji, atarudisha ya mgeni. Na pale mlangoni wachumaji wote wametega masikio. Akakuna ndevu. Mara uso ukamkunjuka, akasimama.

"Sikiliza! Wewe si mgeni, maana mgeni ana adabu. Wala si mwenyeji, maana mwenyeji wangu namjua mpaka babu yake. Wewe hapa si chochote!"

Akawatazama wazee, akingoja kusifiwa.

Siwema akanawa mkono, taratibu, akamgeukia kadhi. "Shekhe, umesikia?"

"Nimesikia," kadhi akasema. Angekataaje, na baraza zima limesikia?

Siwema akamkunjulia sultani kiganja.

"Basi, Maulana, nirudishie zote mbili."