Changu wa Sultani na Paka wa Jangwani

Hebu fumbeni macho, wanangu, mwone ukumbi wenye zulia jekundu, na katikati yake sinia la fedha, na juu ya sinia changu wa kuchoma anayefuka moshi, na mbele yake paka wa kijivu amekaa tu, hali. Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Shamsabadi, enzi za Sultani Badrani. Na ada ya mji ule ilikuwa Sultani hagusi chakula mpaka paka wa kasri aonje. Paka akikataa, chakula kina sumu, na aliyekipika hukatwa shingo.

Mpishi alikuwa binti aitwaye Tufaha. Askari walikwisha kumshika, naye haelewi. Paka gani hali samaki? Akajiuliza kama ndimu ilizidi, na hata akaanza kuishuku mikono yake mwenyewe.

Akasugua pete aliyoachiwa na bibi yake, na jini Kashkashi akatokea, kichwa kikigusa dari. Tufaha akamwomba amlazimishe paka ale. Jini akajikuna, akasema hakuna jini amwezaye paka. Kumpa ulimi wa kusema, hilo aliliweza, na akampa.

Paka akajilamba mguu kwanza.

"Ewe Sultani mtukufu, mimi nimeletwa juzi kutoka jangwani. Mama yangu alinifunza panya, mjusi na panzi. Huyu asiyefumba macho simjui."

"Kwani paka na samaki wa bahari si wamoja tangu kuumbwa?" akauliza Sultani.

"Nani aliwakutanisha, bwana wangu? Umemwona paka gani akizamia kilindini?"

Sultani akamtazama paka, akamtazama samaki, asijue amwamini nani. Basi Tufaha akamega kipande, akala mbele yao, na hakufa. Paka akamwangalia anavyotafuna, akasogea, akanusa, na akamla changu mpaka ikabaki miiba.

"Si ulimkataa wewe?" akasema Tufaha, amechanganyikiwa kuliko mwanzo.

"Nilisema simjui, bibie. Sikusema simtaki."

Sultani akaifuta ada ile, akampa Tufaha nyumba na bustani, na papo hapo akamposa. Tufaha akajibu kwa adabu kwamba yeye hamjui bwana huyu ila kwa upanga wake, basi amngoje kwanza. Akamjua taratibu, na baada ya mavuno wakaoana.

Wanangu, nawaombeni mkumbuke hili moja: mtu akisita mbele ya kitu kigeni, mwulizeni kwanza.