Kodi ya Kulala Mikuyuni

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kama wagonjwa. Hadithi ya leo ina hasira ndani yake, inataka watu walio macho. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, wanyama walipokuwa na baraza na baraza likawa na mwenyekiti, palikuwa na chemchemi mahali paitwapo Mikuyuni. Maji matamu, mikuyu mirefu. Kila mwaka korongo walikuja kutoka mbali, wengi, wengi, mpaka jua likafichika. Wakatua mikuyuni, pwaa, pwaa, pwaa. Wakalala, wakaamka, wakalala tena, mwezi mzima.

Na mgeni akilala huacha uchafu. Korongo waliacha manyoya, waliacha mavi, waliacha mabaki ya vyura. Vyote vilianguka majini, chubwi, chubwi. Wakashuka kunywa, wakakanyaga kingo, kingo zikabomoka, tope likaziba jicho la maji.

Nani alizibua? Bi Ngiri. Kila asubuhi alipiga magoti, kama ngiri wote wapigavyo, akachimba kwa pua. Chaka, chaka, chaka. Magoti yake yalikuwa sugu tupu. Alichimba kwa sababu watoto wake wanne walikunywa hapo. Mwaka ule kitindamimba wake akanywa maji machafu, akaharisha siku tatu, akashindwa kusimama. Bi Ngiri akasema, "Basi."

Akaenda barazani. Mwenyekiti alikuwa Kiboko, amelala majini, masikio tu nje. Pembeni yake alikaa Nyani, mjumbe wa baraza. Huyu ndiye aliyewaonyesha korongo matawi ya kulala, nao wakamtupia nzige wanono.

"Mwenyekiti," akasema Bi Ngiri, "sisemi wageni wasije. Nasema anayelala achangie. Kila usiku mmoja, changarawe mdomo mmoja kutoka mto mkavu ule pale. Tujenge ukingo, maji yabaki safi."

Nyani akajikuna. "Unataka kutufukuzia wageni wewe. Watakwenda kulala kwingine."

"Miti mingine kama hii iko wapi, Bwana Nyani?"

"Sisi ni wakarimu. Mgeni wetu hatumdai kitu."

"Ukarimu wako unafanywa na magoti yangu."

Baraza likacheka. Wakajadili siku moja. Wakajadili siku mbili. Siku ya tatu wakapiga kura, kodi ikapita. Bi Ngiri akarudi nyumbani mkia juu.

Sasa sikilizeni walichofanya. Alipogeuza mgongo tu, Nyani alimnong'oneza Kiboko, na Kiboko akaongeza kifungu kidogo: mgeni wa mjumbe halipi.

Jioni Nyani akasimama chini ya miti. Korongo wa kwanza akatua.

"Mgeni wa nani?"

"Wa Nyani."

"Pita."

Akatua wa pili. "Mgeni wa nani?"

"Wa Mwenyekiti."

"Pita."

Wa tatu, pita. Wa mia, pita. Wa elfu, pita. Changarawe hata punje haikuletwa. Asubuhi Bi Ngiri akakuta tope lilelile. Akapiga magoti. Chaka, chaka, chaka.

Siku ya nne akaja wifi yake kutoka bondeni kumjulia hali mtoto. Alikuwa mjamzito, ametembea tangu alfajiri, na mizizi ya kumlisha mgonjwa ameibeba. Nyani akamsimamisha.

"Unalala au unapita?"

"Nalala. Nimekuja kumwona mtoto wa kaka yangu."

"Mgeni wa nani?"

"Wa Bi Ngiri."

"Bi Ngiri si mjumbe. Changarawe, mdomo mmoja."

Yule mama akashuka mtoni na tumbo lake. Akarudi kinywa kimejaa mawe, ufizi ukitoka damu. Akayatema miguuni pa Nyani. Hiyo ndiyo kodi pekee iliyopata kulipwa Mikuyuni. Mimi mwenyewe nikifika hapa hushikwa na hasira, siwafichi.

Bi Ngiri alipoiona damu ile, manyoya ya mgongo yalisimama. Akaenda barazani mbio.

"Mwenyekiti, wageni elfu wamelala bure. Aliyelipa ni mjamzito aliyekuja kumwona mgonjwa. Ndiyo kodi niliyoiomba hii?"

"Sheria ni sheria," akasema Kiboko. "Tutaunda kamati."

"Undeni. Mimi sichimbi tena."

Nyani akacheka, kwe, kwe, kwe. "Mwacheni aende. Kuchimba tope kunataka elimu gani?"

Bi Ngiri akawachukua wanawe na wifi yake, wakavuka kilima. Chini ya kilima palikuwa na nyasi zisizokauka. Akapiga magoti. Chaka, chaka, chaka, siku tano. Maji yakatoka. Mtoto akanywa, akasimama. Wanyama wakasikia, wakaja kulala. Paa alileta changarawe mdomo mmoja. Digidigi, mdomo mmoja. Wifi mtu naye alileta, ingawa aliambiwa apumzike. Ukingo ukaanza kusimama.

Na Mikuyuni? Nyani alijaribu kuchimba kwa vidole, akachoka kabla jua halijapanda. Siku ya saba maji yakawa uji. Siku ya kumi yakawa udongo. Korongo wakaamka, wakatazama chini, wakaruka wote, pwaa. Hawakuaga. Hakuna hata mmoja aliyemuulizia mjumbe wake.

Kiboko ngozi ikampasuka. Akavuka kilima, puu, puu, puu.

"Hodi."

"Karibu," akasema Bi Ngiri. Hakuinuka, alikuwa kazini.

"Ngozi inaniuma. Nitalala hapa siku mbili tatu."

"Mto mkavu uko kule. Changarawe mdomo mmoja, kila usiku."

"Bi Ngiri, mimi ni mwenyekiti."

Bi Ngiri akamtazama kinywa kile, kuanzia shavu hili hadi lile. "Ndiyo maana nafurahi umekuja," akasema. "Kwa mdomo huo, ukingo tutaumaliza."

Kiboko akageuka, akaenda kubeba mawe.

Basi, wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili. Sheria ikiwasamehe wenye jamaa barazani, mzigo wote unamwangukia asiye na mtu. Na siku atakayoutua, kiu itakuwa yenu nyote.

Hadithi yangu imekomea hapo.