Mwiko wa Bruda Otmari

Sogeeni, na mwenye kiu avumilie, maana hadithi hii inanukia pombe tangu mwanzo.

Kulikuwa na monasteri juu ya mlima Lihangwe. Juu kweli, mpaka wingu likitaka kupita linabisha hodi. Watawa wa kwanza walikuja na shayiri kutoka kwao Ulaya, ikautazama udongo wa kule ikagoma kuota. Wakashuka kijijini, wakampigia magoti bibi mmoja mpika pombe, akawafundisha kimea cha ulezi. Basi ikazaliwa pombe ya Pasaka ya Lihangwe. Ukinywa kikombe kimoja unakumbuka hata siku uliyozaliwa.

Mpika mkuu alikuwa mmoja tu, na cheo chake kilikuwa mwiko wa kukorogea, mrefu kama mtu, mweusi kwa uzee. Mwenye mwiko hafukuzwi monasterini mpaka kufa. Tatizo ni hilo la kufa. Wote waliotangulia kuushika walikutwa wamelala kwenye handaki la mapipa, hawana hata mkwaruzo, wametulia kama watu wanaosikiliza kitu. Watu walisema handaki lile lina njaa. Walisema kwa sauti ya chini.

Zamu hii mwiko alikuwa nao mzee Otmari, naye alikuwa na wasaidizi watatu.

Bruda Gaudensi alikuwa na pua. Nyie mna matundu ya kupitishia mafua, yeye alikuwa na pua. Mtu akikaanga kitunguu Songea, Gaudensi anapiga chafya mlimani.

Bruda Wendelini alikuwa na masikio. Alisikia nywele za Baba Abati, mkuu wa monasteri, zikiota, na Baba Abati alikuwa na upara.

Bruda Sikstusi alikuwa na kifua. Akivuta pumzi, mapazia ya kanisa yanamfuata. Lakini zaidi ya pumzi hakuwa na kitu. Mkate aliunguza, mbuzi walimkimbia, akiimba waumini wanatafuta mlango. Baba Abati alishamwita pembeni: "Bruda, Pasaka ikipita utarudi kwenu. Hapa kazi yako hatujaiona." Sikstusi akaitikia, "Sawa, Baba." Hakusema kwamba kwao hakupo tena. Mama alishazikwa, shamba wajomba wameshagawana, nyumba inafugiwa nguruwe.

Ikafika Ijumaa Kuu. Siku hiyo Lihangwe hawali, hawasemi, hata kengele hailii. Lakini pombe haina dini. Ilikuwa inachemka chini handakini, harufu inapanda kupitia matundu ya hewa mpaka kanisani, na watu matumbo yamebandikana mgongoni. Pua ya Gaudensi ikamtesa hadi machozi. Akachukua magunia, akaziba matundu yote. Wenzake wakainamisha vichwa kumshukuru. Juu hewa ikawa safi. Ile hewa nzito ya pombe ikabaki chini, ikajaa polepole, kama maji kwenye mtungi.

Mchana Otmari akawasha mshumaa, akashuka kukoroga. Sikstusi alimwona. Alitaka kumfuata, akasita, asije akaonekana anaunyemelea mwiko.

Kanisani Wendelini alikuwa amepiga magoti, na masikio yake yako chini ya ardhi. Alisikia mwiko ukizunguka pipani. Ukazunguka, ukazunguka, ukasimama. Kikaanguka kitu kizito. Mzee hakuita, maana Otmari alikuwa mtu wa kanuni, hata kufa angekufa kimya. Na anayevunja ukimya wa Ijumaa Kuu hula sakafuni peke yake mwaka mzima. Wendelini akasimama katikati ya sala, akasema, "Mzee ameanguka."

Wakakimbia. Mlangoni Gaudensi akatanua mikono. "Msiingie. Hewa ya humu imekufa." Baba Abati alishatanguliza mguu, akaurudisha. Gaudensi akazunguka nje, akayang'oa magunia kwa kucha na kwa meno. Lakini hewa mbaya haina haraka ya kutoka.

Sikstusi akavuta pumzi mpaka kola ikakatika kifungo. Akashuka. Hakuona hata kidole chake. Akapapasa pipa, akapapasa ukuta, akapapasa mguu, wa baridi. Akauvuta, ukagoma. Mzee alikuwa bado ameushika mwiko, nao umekwama kati ya mapipa. Kifua kikaanza kuwaka. Masikioni akasikia kama mtu anamwambia taratibu, pumua, pumua tu. Hakupumua. Akang'oa mwiko na mwenye mwiko, akawapandisha wote wawili.

Jioni Otmari akafumbua macho. "Huko sishuki tena," alisema. "Mwiko mpeni aliyeniokoa."

"Basi ni mimi," alisema Wendelini. "Ningenyamaza mngemkuta Jumapili."

"Na mngeingia kichwa kichwa," alisema Gaudensi, "tungehesabu maiti. Na matundu ya hewa nani aliyafungua?"

"Nani aliyafunga?" aliuliza Wendelini.

Gaudensi akatazama kucha zake.

"Mimi ndiye niliyemshika mguu," alisema Sikstusi.

"Ndugu yangu, wewe unatafuta pa kulala," alisema Wendelini, ambaye masikio yake yalisikia hata ya pembeni.

"Natafuta, ndiyo. Lakini mguu niliushika."

"Bila mimi usingejua kuna mguu," alisema Wendelini.

Baba Abati akauinua mwiko, akawatazama mmoja mmoja. Pombe ilitaka kukorogwa kabla jua halijazama, la sivyo hakuna Pasaka. Wendelini alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea handakini.

"Unasikia nini, Bruda?"

"Pombe inachemka, Baba."

"Pombe tu?"

Wendelini akazidi kutega sikio. Wala hakurudi nyuma. Hakuna aliyerudi nyuma kati yao.

Haya, nyie mnaojua kila kitu. Mmoja alivunja ukimya, mmoja alizuia mguu wa abati na kufungua hewa aliyoifunga mwenyewe, mmoja alishuka kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Mwiko ni zawadi, na mwiko unashuka handakini. Wewe ungemkabidhi nani? Na ukishamkabidhi, ungemtazama usoni?